Nundu Iliyohamia Upande wa Ndani

Chumba cha uani,
Nyumbani kwako.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata, marahaba. Kifua kimepoa? Shemeji hajambo? Mimi ni mzima kama chuma, meno ninayo, macho ninayo, ila tangu jana sina raha. Nakaa nasimama, nasimama nakaa.

Uliniachia ulinzi wa nyumba, gari ukampa binti yako. Sawa. Wiki iliyopita alikwepa pikipiki akapanda ukingo wa barabara kwa kishindo, na kulipokucha nikaona tairi la mbele limeota nundu ubavuni, kama yai la bata. Nikamweleza. Unanijua, nimeendesha malori tangu huyo fundi wa pale kona hajaota ndevu. Ubavu wa tairi una nyuzi ndani yake. Ukigonga ukingo, nyuzi zinabanwa kati ya jiwe na ringi, zinakatika. Hapo upepo unasukuma mpira mtupu, nao unavimba. Hapabandikwi kiraka pale. Kinachofuata ni kupasuka, tena gari likiwa mbioni.

Jioni akarudi, nundu haipo. Nikatamba mpaka kwa muuza mkaa kwamba mwanangu anamsikiliza mkubwa wake.

Jana nikalala chini ya gari kutafuta kandambili yangu. Mdogo wangu, nundu ni ile ile, inanitazama kutoka upande wa ndani. Kumbe alimwambia fundi alivue tairi kwenye ringi na kuligeuza, ili mzee wa nyumbani anyamaze. Na Ijumaa anawapeleka wajukuu wako safari ndefu kwa bibi yao mzaa baba.

Sikugombana. Nilipanga matofali, nikalifungua gurudumu peke yangu, umri huu, nikaliingiza chumbani. Barua hii naiandika nimelikalia.

Sasa hivi alikuja mlangoni na mkoba wa kazini, uso kaukunja.

"Baba mkubwa, nipe gurudumu langu, nachelewa."

"Lipapase kwanza."

Akainama, akapapasa, mkono ukasimama pale pale penye uvimbe. Akauliza litapasuka lini.

"Hilo hata mimi silijui, mwanangu. Ndiyo maana silali."

Ameondoka kwa miguu bila kuaga. Sijui kaenda kazini au kaenda dukani. Mpigie barua hii ikikufikia tu, na usimgombeze, aibu anayo tayari. Mwambie anunue jipya, asichukue lililokwishatumika. Ukaidi ule kautoa kwa mama yake, upande wetu hatuna.

Msalimie sana shemeji, na yule jirani yenu wa huko mliko, fundi saa. Mola awalinde mnapotoka na mnaporudi. Mimi gurudumu hili siliachii mpaka nilione jipya kwa macho yangu, nje na ndani.

Wako akupendaye, asiyebanduka,
Kaka yako.