Nilipoishika Ncha ya Utepe

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba cherehani haikuumizi tena mgongo. Sisi huku hatujambo. Mguu wa baba umepata nafuu, ingawa ukimuuliza atakuambia hajalala wiki nzima, na mama atasema asiyelala ni yeye, kwa jinsi baba anavyokoroma.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimepata kazi. Tangu nimalize shule nilikuwa nafagia ua kila saa, hadi mama akasema nitauchimba kisima. Sasa niko kituo cha redio, kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani, namwandikia mtangazaji wa michezo taarifa zake. Mimi mwenyewe sisemi hewani. Unanijua.

Wiki iliyopita niliandika kwamba mashahidi elfu mbili walijaa uwanjani. Mtangazaji alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama kuna mtu kauawa huko. Akaniambia, binti, hao waliokaa kutazama ni watazamaji. Wanaopiga kelele na kususa kula timu ikifungwa ni mashabiki. Anayechungulia getini akaenda zake ni mpita njia. Shahidi ni yule ambaye akiulizwa, jambo linaamuliwa kwa neno lake. Nikasahihisha, lakini chai ya mchana ule ilinishinda.

Nilikuwa nimekumbuka uwanja wa shule yetu ya msingi siku ya mbio zako. Unakumbuka chokaa ilivyotugandia miguuni? Na baba alivyofunga kibanda chake cha viatu mapema, akaja na kiti chake mwenyewe? Mama alikuwa ameapa hatapiga kelele, mtu mzima na heshima zake, halafu uliposimama kwenye mstari akavua kiatu akawa anakipunga hewani. Na mimi, wa miaka kumi, ulikuwa umenisuka nywele, kwa sababu nami nilikuwa na kazi ya kushika ncha ya utepe. Desturi ya shule ile ilikuwa kwamba waamuzi wakitofautiana, wanaulizwa watoto wawili walioshika utepe.

Mlikuja bega kwa bega, wewe na yule jirani wa miguu mirefu tuliyemwita Mshale. Mwenzangu wa ncha ya pili alivutwa na utepe akaanguka kifudifudi, hakuona kitu. Waamuzi wakabishana. Mwalimu wa michezo akaniinamia, akaniuliza nani aliugusa kwanza. Nikasema nilifumba macho. Basi mwamuzi mkuu akampa Mshale ushindi, na ile nafasi moja ya shule ya bweni ya michezo ikaenda naye.

Nyumbani nikabaki naitwa Fumbamacho. Kila baba alipotania, wewe ulimkatiza, ukasema mtoto aliona haya, watu wote wale wanamkodolea macho, msimwonee. Ulisema hivyo hata siku ile ulipokunja kaptura yako ya mbio, ukaenda kujifunza kushona. Kila uliponitetea, nilitamani unizabe kofi.

Dada, sikufumba macho. Utepe ulijaa kifuani pako wewe, na niliusikia ukinivuta kidole kabla Mshale hajafika. Na si haya zilizonifunga mdomo. Asubuhi ile nilikuona ukipanga nguo zako kwenye begi la baba, unaimba, nami nikakitazama kitanda chetu nikaona nitakavyolala peke yangu. Mwalimu aliponiuliza, nilikuwa nakiwaza kitanda hicho.

Jumamosi niliwaeleza wazazi. Mama alibaki na shuka mkononi, hakulikunja. Baba hakutania, alisema si yeye aliyekimbia, nikuandikie wewe. Mwalimu wa michezo nimemwandikia pia, ingawa alishastaafu. Usiniambie yamekwisha kama hayajakwisha. Ukiwa na hasira, niandikie hiyo hasira, nitaisoma yote.

Nisalimie shemeji, na mtoto mbebe kwa niaba yangu. Akikua, akikuuliza kama mama yake aliwahi kushinda mbio, mwambie ndiyo. Asipokuamini, mlete kwangu aniulize mimi.

Ni mimi mdogo wako,
anayekukumbuka sana.