Moto Uliozimika Siku ya Zamu Yangu

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utacheka, maana wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba wifi haamkiwi, wifi hutaniwa. Leo niache nikuamkie, kwa sababu nilichokuja nacho hakina utani. Sisi huku Songea tu wazima. Mama macho yamempungua kidogo, ulimi haujampungua hata chembe. Mimi nimeolewa, nina watoto wawili, na kama unavyosikia nimejifunza kuandika hapa misheni. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyetoka matopeni, lakini unasomeka.

Barua hii anakuletea Mzee Issa, mchuuzi wa chumvi, ambaye alisoma shule ya serikali kule pwani. Nimemwomba asikusomee pembeni. Nimemwomba aisome kwa sauti mbele ya watu wa kwenu hapo Namasakata, wazee na wanawake, hasa wale wanaosema juu yako maneno ambayo najua wanayasema. Naomba wakae waisikie mpaka mwisho.

Kabla sijafika huko, niruhusu nikae nawe kidogo kama zamani.

Unakumbuka siku uliyoletwa? Kaka alikwenda kwenu na majembe ya kubadilishana na chumvi. Akarudi hana majembe, hana chumvi, ana mke. Mama alisimama uani mikono kiunoni akasema, "Basi leo mboga tutaitia huyu." Nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nikakupenda palepale, kwa sababu wewe hukuinamisha uso kama bibi harusi. Uliuma mdomo usicheke.

Hukujua kusaga ulezi kwa namna ya mama. Uliinama juu ya jiwe la kusagia ukaimba nyimbo zenu za Kiyao, na unga ukatoka wa chenga. Mama akakwambia unga hausikilizi nyimbo. Kesho yake ukaimba tena, ila kwa sauti ya chini. Jioni ulinisuka nywele barazani, ukizivuta mpaka macho yakapanda juu, na nikilalamika unanipiga begani kwa kitana. Ukoko wa ugali ulinifichia kila siku chini ya ungo. Tulipokwenda Luhira kuteka maji, ulinikataza kushika mtungi. "Shingo nayo ni mkono," ulisema. "Iamini." Mitungi mingapi nilivunja kabla shingo yangu haijaaminika? Yote mbele ya mama ulisema tuliteleza.

Na siku ya kumbikumbi! Mvua ya kwanza ilikuwa imepiga, tukafunika tundu la kichuguu kwa chungu, wakajaa. Ukamkuta mama amekaa, ukamwekea mmoja mzima mkononi, mbawa zinapepea, ukasema kwa adabu zote kwamba kwenu mkwe ndiye huonja kwanza. Mama alipiga ukelele, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliyezaliwa naye sikuwahi kumsikia akicheka vile, na tangu uondoke sijamsikia tena. Nina hamu na siku zile, wifi, hamu ambayo hainipi nafasi hata nikiwa katikati ya watu.

Kisha vita vikaja. Mjumbe wa maji alipopita, wanaume walinyunyiziwa, wakanywa, wakaambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Sisi tuliobaki nyumbani tukaachiwa mwiko wetu, na wadogo kwenu hapo huenda hawaujui, kwa hiyo nausema. Moto uliowashwa jikoni siku mwanamume anaondoka usizimike mpaka arudi. Usiongezwe moto wa nyumba nyingine. Na ukizimika kwa bahati mbaya, aliyekuwa zamu aseme siku hiyohiyo, ili wazee watengeneze dawa na aliye vitani akingwe. Kuzimika kuna dawa, tuliambiwa. Kuficha hakuna.

Tukagawana zamu, mama, wewe na mimi. Kaka aliondoka amechukua mkuki na ngao, akakugeukia mara moja tu, ingawa walikatazwa kugeuka.

Siku ile ilikuwa zamu yangu. Naiandika hivyo, na Mzee Issa tafadhali rudia sentensi hiyo: ilikuwa zamu yangu. Mama alikuwa shambani. Wewe ulikuwa umelala ndani, kichefuchefu kimekushika, kwa sababu ulikuwa na mimba ya kaka na aliyejua ni mimi peke yangu. Ulitaka kumwambia mama siku kaka akirudi, ili furaha ziwe mbili. Ulikuwa na hamu ya masuku. Hukunituma. Nilijituma mwenyewe, kwa sababu nilikuwa napenda kukimbia porini kuliko kukaa na moto. Mvua ikanikuta huko, nikajikinga, nikasahau, nikaokota masuku mpaka nguo ikajaa.

Niliporudi jiko lilikuwa majivu tupu.

Nguo yangu ilikuwa imelowa, nikavaa kaniki yako. Nikapita nyuma ya nyumba mpaka jikoni kwa bibi jirani, nikachukua makaa mawili kwenye kigae, nikawasha. Mama aliporudi alikuta moto unawaka vizuri. Wewe uliona yote kutoka kitandani. Tukala masuku tukatemeana mbegu, tukacheka kimyakimya kama wezi. Hatukudhani. Nani anadhani, na masuku yako mdomoni?

Hazikupita siku kumi, habari ikafika kwamba kaka ameanguka.

Sitaandika kilio. Ulikuwepo. Naandika asubuhi iliyofuata, mama alipotusimamisha wote wawili uani akauliza, "Nani aliuacha moto uzimike akanyamaza?" Yule bibi jirani alikuwa amemwambia kwamba alimwona mtu kwa mgongo, mwenye kaniki, akitoka jikoni kwake na kigae cha makaa. Nyumbani kwetu kaniki ilikuwa moja, na kila mtu alijua ni ya nani.

Ulinitazama. Hukunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba. Mdomo wangu ulikuwa wazi, wifi. "Mimi" ni neno ambalo hata mtoto anayeota meno analiweza. Nilisubiri litoke, na nilipokuwa nasubiri, ukasema wewe: "Ni mimi, mama. Nilimshikia zamu, nikapitiwa na usingizi."

Mama hakukupiga. Aliingia ndani akatoa mkeka wako akauweka nje ya ua. "Nenda kwenu," alisema. "Sitaki kukuona tena." Nilikukimbilia mpaka kwenye kivuko nikiwa na kibuyu cha unga nilichoiba, nakulilia, nakuuliza kwa nini umesema vile. Ukajibu kama mtu anayeeleza njia, "Mimi nina kwetu. Wewe wakikufukuza hapa, utakwenda wapi? Shika kibuyu vizuri, unamwaga."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyo nayo.

Baada yako askari walikuja wakachoma maghala. Tulikula ming'oko, tukala mizizi ambayo sina jina lake. Wanaume walipelekwa bomani kwa minyororo, wakaambiwa wakiri. Hapo ndipo nililisikia neno hilo kwa Kiswahili mara ya kwanza, likitoka kwa askari mwenye kiboko: "Kiri!" Jirani yetu mmoja alikiri kwamba aligawa maji, na siku wanayoisema alikuwa kitandani na homa, sisi ndio tuliompelekea uji. Kiboko ndicho kilichokiri. Nikajiambia kumbe kukiri ni kusema chochote wanachotaka ili kipigo kiishe, na kwa kuwa mimi hakuna aliyenipiga, sikuwa na sababu.

Vita vilipoisha nikaenda misheni, nikabatizwa. Huko kuna kuungama. Unapiga magoti, unamwambia padre, padre anakuondolea. Nilijifunga kibwebwe nikaenda, nikasema, "Padre, wakati wa vita niliacha moto uzimike." Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akasema, "Mwanangu, moto kuzimika si dhambi. Hizo ni imani za giza. Nenda kwa amani." Nilitoka mwepesi, karibu nicheze njiani. Kufika nyumbani nikawa mzito kuliko nilivyokwenda, maana nilijua nilichofanya. Nilimpa padre maganda nikabaki na karanga.

Na kweli, wifi, moto haukumuua kaka. Niliwaona wale walionusurika, wakaeleza jinsi ile bunduki ya bombomu ilivyowafyeka. Kaka angekufa hata kama ningeukumbatia ule moto usiku na mchana. Kweli hiyo niliitumia miaka yote kujituliza, kila ulipokuja moyoni. Lakini wewe risasi haikukufukuza. Ulifukuzwa na kimya changu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niliogopa, mama alikuwa amefiwa... unaona? Hata hapa kalamu inatafuta mlango wa uani. Nafuta yote hayo. Uliondoka na jina la mtu aliyemuua mumewe, na mwenye jina hilo, kama lipo, alibaki nyumbani akila ukoko.

Mwezi uliopita Mzee Issa alifungua mizigo yake barazani kwetu, akawa anatusimulia habari za safari. Akasema hapo Namasakata yupo mwanamke ambaye kila akisikia mchuuzi anatoka Songea huja kumuuliza, "Yule mama wa pale karibu na Luhira, bado anasaga mwenyewe?" Hana mume, alisema, watu wanaogopa kumwoa, wanasema alivunja mwiko wa vita huko Ungoni. Ana binti anayeng'oka meno ya mbele, mwenye domo kama chiriku. Mama alikuwa amekaa hapo hapo. Akanyanyuka akaenda zake ndani, kama afanyavyo kila unapotajwa. Mimi nilishikilia nguzo ya baraza.

Kumbe unamuulizia. Miaka minane, na unamuulizia kama amepata wa kumsagia.

Nilianza barua hii siku ileile. Nikafika hapa nikagundua kwamba nakuandikia wewe uliye mwendo wa siku nyingi, na mama yuko hatua kumi, sijamwambia kitu. Basi jana jioni nikamfuata. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikapiga magoti nikasema, "Mama, moto ule ulizimika kwangu. Kaniki niliivaa mimi. Alisema uongo ili kunificha, na mimi nikamwacha." Sikuongeza kitu. Nilijikaza nisiongeze.

Ungo uliendelea kwenda juu na chini. Kisha akauliza, "Huyo mtoto wa domo ana miaka mingapi?"

"Anang'oka meno, mama."

"Ulijua ana mimba?"

"Nilijua."

Akauweka ungo chini. Nilisubiri anifukuze, na haki ya Mungu ningekwenda. Akasema polepole, "Nilimtoa na damu ya mwanangu tumboni. Sikumpa hata chakula cha njiani." Akafunika uso kwa nguo yake. Hakula, na mimi sikuthubutu kuondoka pale.

Leo asubuhi amenikuta naandika. Akasimama nyuma yangu akaitazama karatasi, yeye asiyejua herufi hata moja.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Barua, mama. Nakiri kwa wifi."

"Miaka minane umekaa, sasa unampelekea karatasi?" Akasonya. "Karatasi haina magoti. Mimi na wewe tunayo."

Kwa hiyo wifi, barua hii inatangulia tu. Inakuja kuwaambia watu wa Namasakata kwamba dada yenu hakuvunja mwiko wowote, alibeba kosa la mdogo wa mumewe, na wanaomwogopa waje waniogope mimi. Sisi tuko nyuma yake, tutaondoka mara ulezi ukiingia ghalani. Watoto nitawaacha kwa mume wangu. Nimemwambia mama njia ni ndefu, akanijibu kwamba wewe uliipita na mimba.

Sijui utatupokea vipi. Ukitufungia mlango, tutakaa nje ya mlango. Sijui kama binti ataelezwa sisi ni nani, na hilo ni lako kuamua. Ninaloomba ni moja. Nakujua, una moyo mwepesi, ukituona vumbini utakimbia kutushika mikono useme yamekwisha. Tafadhali, siku hiyo usifanye haraka kutuinua.

Nakusalimu kwa mapenzi yote niliyokunyima,

Wifi yako