Simu Yangu Inasema Niko kwa Yule Dada

Mpendwa Mshauri, naomba msaada maana sijui nicheke au nilie. Mimi ni fundi cherehani, mchumba wangu ni kinyozi, harusi ni Jumamosi ijayo na gauni nimelishona mwenyewe likanikaa hadi mashoga wananionea kijicho, sasa juzijuzi kinyozi wangu alihamishia duka lake upande wa pili wa mji, akamwacha jirani yake msusi, mpenzi wake wa zamani, nikashangilia, lakini kila nikimtazama kwenye ramani ya simu namwona yuko palepale kwa yule dada, asubuhi yupo, mchana yupo, jioni yupo, nikampigia nikamwambia, “Weka sauti kubwa wateja wanisikie, mwongo wee, harusi hakuna!” Jana nikaenda duka jipya kumrudishia pete, nikamkuta anamnyoa mzee mmoja, nikatoa simu nimwonyeshe ushahidi, lahaula, ikasema mimi mwenyewe niko kwa yule dada! Duka zima likaangua kicheko, hata mzee mwenye nusu kipara, nikatimua mbio na pete mkononi. Nimerogwa? Na je, bado nina harusi?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Hujarogwa, mama. Simu ikiwa ndani ya jengo haizipati vizuri setilaiti, basi huangalia vifaa vya waifai vilivyo karibu. Kila kifaa kina namba yake, na kuna orodha kubwa inayosema namba fulani ilionekana mtaa fulani. Mchumba wako alipohama alibeba viti, vioo na kile kiboksi cha waifai. Orodha haijapata habari! Na kama huko hakuna waifai nyingine ya kuisahihisha, kila anayeingia kunyolewa anahesabiwa yuko kwa msusi. Itajirekebisha yenyewe, simu zikiendelea kupita hapo.

Lakini wewe je? Una mdomo, una miguu, ukashindwa kwenda kuuliza kabla ya kutukana? Hasira hasara, na hii ilikuwa karibu ikugharimu mume.

Leo hii rudi dukani. Usipige simu, usitume ujumbe. Ulimtukana wateja wakisikia, kamwombe radhi wateja wakisikia, kisha mpe pete akuvishe upya. Akikuuliza utafanyaje ramani ikimpeleka tena kwa msusi, usijiumeume. Mwambie, “Nitakuuliza wewe.”