Zile Bastola Mbili za Baba

Nyeri

Mama mpendwa,

Nakuamkia, na ninaomba barua hii ikukute umeketi nje kwenye jua, si kitandani. Nyonga bado inakukosesha usingizi, au ile dawa ya kuchua aliyoleta shangazi imesaidia hata kidogo? Mimi mwili wangu ni mzima. Huku ni baridi na ukungu, mlima hauonekani, na dukani tunauza misumari na rangi tukiwa tumevaa makoti.

Najua umechoka kuniuliza Kaka Mghanga yuko wapi, nami kila mara nakujibu kwamba amepata kibarua. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe usingesikia neno. Mama, kaka alikuwa rumande. Sasa ametoka. Amelala hapa chumbani kwangu ninapoandika. Tulia kwanza, ndipo wifi aendelee kukusomea. Naye wifi pia atulie, mumewe yuko salama.

Unakumbuka alivyoondoka na lile sanduku la bastola ambalo Baba aliachiwa na bwana wa shamba la mkonge. Tulikubaliana sote watatu kwamba bastola ziuzwe ili upasuliwe nyonga. Nilimwambia azilete huku kwa kuwa mwajiri wangu, Mzee Kanti, alikulia katika duka hilihili wakati baba yake akitengeneza bunduki za wawindaji, kabla halijawa duka la vifaa vya ujenzi.

Siku hiyo Mzee Kanti alifunga duka mapema. Alitandika taulo juu ya kaunta, akazitoa bastola moja moja kwa mikono miwili, akazipangusa, akaanza kuzikagua kwa lenzi. Alituonyesha mihuri midogo iliyogongwa kwenye mitutu, akasema ni ya wakaguzi wa Uingereza, alama kwamba chuma kilijaribiwa kabla ya kuuzwa. Akatuonyesha jina la fundi ubavuni, limefifia kabisa, na namba moja kwenye bastola ya kwanza, mbili kwenye ya pili. Kisha akachukua kile kikoleo ambacho Baba alikuwa akikiita cha kuvunjia karanga. Kumbe ni kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa yakawa risasi, na tundu lake lililingana na midomo ya mitutu.

"Hizi zilizaliwa pamoja," akasema. "Ni pea, tena na sanduku lake. Mtu akitaka kununua moja, mfukuze."

"Ni za kweli?" kaka akauliza.

"Za kweli kabisa. Babu yangu alikuwa hajazaliwa zilipotengenezwa. Huko ng'ambo, kwenye mnada, watu watazigombania. Mama yenu atatembea."

Kaka aliinamisha kichwa juu ya kaunta, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika Baba.

Mzee Kanti akatuonya kwamba vitu kama hivyo haviuzwi wala kusafirishwa bila kibali. Akasema twende polisi wenyewe, tukazionyeshe, tuulize utaratibu. Tukaenda asubuhi yake, kaka amevaa shati lake la kanisani. Afisa aliyekuwa mezani alifungua sanduku, akalifunga tena haraka.

"Hii ni bunduki," akasema. "Uko na leseni?"

"Sina, afande. Ndiyo maana tumekuja. Ni urithi wa baba yetu."

"Ati umetoka Taita mpaka hapa na bunduki mbili kwa begi, na hauna leseni?"

Kaka akajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wakamvua mshipi na viatu mbele yangu.

Mama, kabla ya siku hiyo nilikuwa nikiomba bastola ziwe za kweli. Sasa nikaanza kumwomba Mungu mtaalamu wa serikali aliyepelekewa bastola aseme ni bandia, ni mapambo, ni takataka. Lakini zikiwa takataka, wewe hutembei. Zikiwa za kweli, kaka anafungwa. Ikafika mahali sikujua tena niombe lipi, nikawa napiga magoti na kunyamaza tu.

Ripoti ilipotoka ilisema yaleyale ya Mzee Kanti. Ni za kweli, na mojawapo, ikishindiliwa baruti, ingeweza kufyatuka. Mzee Kanti alijikongoja na fimbo yake hadi kwa mwendesha mashtaka, akaeleza kwamba ni vitu vya kale, kwamba risasi zake haziuzwi popote, na kwamba yeye ndiye aliyetutuma polisi. Ndipo tukapewa njia. Kaka aziachie serikali, zikaharibiwe pamoja na silaha nyingine, na kesi iondolewe. Akikataa, abaki ndani hadi kesi isikilizwe. Lini, hakuna aliyeweza kutuambia.

Nilimpelekea habari hiyo rumande nikidhani atafurahi. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa baridi, na kikohozi kinamkatiza kila akisema.

"Sikubali," akasema.

"Kaka, tafadhali."

"Ule ni mguu wa Mama, Wakesho. Niweke sahihi uende kutupwa motoni? Nitangoja. Huenda tukashinda, tukarudishiwa."

"Na tukishindwa?"

"Basi nitafungwa. Wengine pia wamefungwa."

Nilimwangalia akikohoa, nikaona kwamba nitampoteza mle ndani kabla ya kesi yoyote kusikilizwa. Nikamwambia, "Mama akipiga simu ananiuliza jambo moja tu, kwamba Mghanga yuko wapi. Hajauliza hata mara moja kama bastola zimepata mnunuzi. Nikirudi nyumbani bila wewe nitamwambia nini?"

Askari akasema muda umekwisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kaka aliponiita. "Waambie walete hiyo karatasi," akasema.

Walimfungulia sanduku mara ya mwisho athibitishe kwamba ni zenyewe. Aliitikia kwa kichwa. Hakuzigusa.

Sasa Mama, sina la kukufariji. Sijui nyonga yako tutaifanyaje. Nimegonga kila mlango ninaoujua huku, na hata Mzee Kanti, ambaye duka lake lenyewe linapumulia mashine, hana la kutupa ila pole. Kaka anakaa ameelekea ukuta, na nikimsemesha anasema tu, "Zilikuwa pea kamili."

Anasafiri keshokutwa. Barua hii naitanguliza na basi la Voi ili usishtuke ukimwona alivyo. Atakuletea mchele wa Mwea na blanketi. Nisalimie wifi, ambaye amekubeba mgongoni mwezi baada ya mwezi bila kulalamika. Nisalimie shangazi wa dawa, mjomba anayekuchotea maji, na jirani yetu fundi cherehani.

Akifika, usimuulize kuhusu sanduku, wala usimwambie kwamba si kitu, maana hataamini. Mwite akae karibu nawe, umuulize kama amekula.

Ni mimi bintiyo, nikiwa huku kwa miguu tu, moyo uko huko kwako,

Wakesho