Bibi Asiyewahi Kuvuka Ziwa

Tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Salamu kwanza, halafu lawama. Mimi ni mzima kiasi cha kula na kusengenya, ila macho ndiyo yameanza kunigeuka. Daktari ameyamulika kwa tochi yake, akaniambia bila kuzungukazunguka kwamba kabla ya mwaka kuisha nitabaki naona mwanga na kivuli tu. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuyarudisha. Nimelia, nimenyamaza, na sasa nina hamu moja: nikuone uso wako vizuri ningali naweza. Kivuko ni asubuhi kwenda, jioni kurudi. Wewe uliyekuwa ukiwakatia abiria tiketi humo miaka yote ile huna haja ya kuelezwa. Njoo wiki hii. Chumba ni kimoja lakini kitanda kitatutosha, ukiacha ile tabia yako ya kulala katikati.

Msalimie binti yako, na yule mumewe mwenye fimbo.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia sakafuni. Pole sana, mwana wa mama. Huku sisi wazima, na uzima wenyewe naona haya kuutaja mbele yako.

Nakuja, lakini si wiki hii. Acha nikueleze nilivyonasa.

Unajua mkwe wangu anatembeza wageni. Anawachukua kijiji cha chini, wanafuata ziwa pembeni ya matete, wanakatisha mashamba, wanaingia mji wetu huu wa kale. Bango linasema matembezi mepesi, hata kwa wazee. Kituo cha kwanza ni lango la zamani, cha pili mnara wa saa, cha tatu ni mimi. Nakaa dirishani nasugua taa ya shaba iliyokwisha kung'aa mwaka juzi. Wageni wanasimama barabarani, naye Bwana Fimbo ananinyooshea ile fimbo yake: "Huyu bibi amezaliwa nyumba hii, na hajawahi kuvuka ziwa wala kutoka nje ya mji." Anasema hivyo juu yangu mimi, Chiriku wangu. Mimi niliyekuwa nikimwona tu abiria mlangoni mwa kivuko najua huyu atatapika, huyu hatapika.

Alianza kama utani. Mgeni aliuliza swali, naye akajibu cha kufurahisha. Sasa kimeandikwa kwenye bango. Wageni wanalala humuhumu mjini, wanapanda kivuko kilekile, kwa hiyo mimi siendi sokoni, siendi bandarini. Hata sabuni ananinunulia binti yangu. "Wakikuona nje, mama, tumekwisha," ndivyo anavyosema, na matembezi haya ndiyo yanayotulisha sote. Nazunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu.

Msimu unaisha Agosti. Nivumilie mpaka hapo.

Dada yako


Tarehe 2 Septemba

Dada,

U hali gani? Agosti imepita, nami nimeichungulia mpaka mwisho wake. Jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa kwa kiburi, jirani asijue. Nikimtazama mtu usoni, pua haipo, naona masikio tu. Usingoje mpaka nikuone masikio.

Mdogo wako


Tarehe 9 Septemba

Chiriku wangu,

Natumai chai sasa inanyweka. Mimi mwili mzima, moyo ndio umevimba.

Msimu umeongezwa. Eti kuna wazee wanaopenda kutembea wakati wa upepo, jua likiwa halina ukali. Niliomba siku moja tu. Mkwe hakunifokea, na hapo ndipo shida yangu ilipo; angefoka ningepata pa kushika. Alinishika bega, akaniletea mto mpya wa kiti, akasema, "Mama, baada ya kundi hili." Kundi hili lina kundi nyuma yake. Binti yangu anainamisha kichwa na kuendelea kufagia.

Naona aibu kukuandikia haya. Nipe siku kidogo tena.

Dada yako


Tarehe 6 Oktoba

Dada,

Hujambo? Swali hilo nilitaka kukuuliza Jumamosi kwa mdomo wangu, nikalimeza.

Ndiyo, ni mimi niliyekuwa nyuma ya wageni wote, mwenye kofia pana na miwani myeusi. Nilijiandikisha kama mgeni. Mkwe wako aliniona mara moja tu, siku ya harusi, nikiwa nimepambwa hata mwenyewe sikujijua, kwa hiyo hakunikumbuka. Sitamnyima haki yake: matembezi ni mepesi kweli. Njia ni tambarare, ziwa liko mkono wa kushoto mwanzo mpaka mwisho, matete yanakugusa bega, na ukianza kuhema tu unakuta benchi. Kule mjini mawe ya barabara yamesuguliwa na nyayo za watu mpaka yanateleza, ikabidi nimshike mkono mgeni mwenzangu. Nilikuwa nafurahia, ukitaka kujua. Halafu tukafika kwako.

Nikavua miwani. Wenzangu walipiga picha, mimi nikatazama. Ilibidi nigeuze kichwa upande kama jogoo ili nikupate vizuri. Shingo imekonda. Nywele za mbele zote nyeupe. Ile alama ya kidevuni, uliyoipata ulipoanguka ukinikimbiza, bado ipo. Nilijua umenitambua kwa sababu mkono ulisimama juu ya taa. Ndipo nikauliza, nikidhani nakufungulia mlango: "Bibi, hujawahi kutamani kuvuka upande wa pili?"

Ukatikisa kichwa. Dada, ulitikisa kichwa huku unanitazama.

Basi nimekuona, hamu imekwisha. Usijisumbue kuja.

Mdogo wako


Tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi ili uniitikie. Nakusalimu hivyohivyo.

Swali lako naulizwa kila siku, na kila siku natikisa kichwa. Nilikutambua, nikaingiwa na woga, na shingo ikafanya ilichozoea. Uliporudi kwenye mstari nilitaka kukuita, lakini mkwe alikuwa ameshainua fimbo kuwaelekeza kituo cha nne.

Kesho yake mama mmoja mnene akauliza lilelile. Nikaiweka taa chini. Nikasema ziwa hili nimelivuka mara nyingi kuliko samaki. Nikasema nilikuwa mkata tiketi, nina mdogo wangu ng'ambo anapofuka, na jana alisimama hapo uliposimama wewe nami nikamkana. Niliyasema yote natetemeka. Bwana Fimbo alibadilika rangi.

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Yule mama alilia, akapitisha mkono dirishani kunishika. Walipoondoka mkwe akaingia, nami nikajiandaa kufukuzwa. Akasema, "Mama, hii ni nzuri kuliko ile ya zamani."

Bango limeshabadilishwa. Sasa ni bibi anayemlilia mdogo wake ng'ambo ya ziwa. Natakiwa kuyasema kila siku, vilevile, na pale pa kutetemeka nisipunguze. Nikamwuliza, nikimfuata je? Akacheka kwa upole wake: "Ukimfuata, mama, hadithi si itakuwa imekwisha?"

Kila siku nakulilia mbele za watu, Chiriku, na hata chozi lenyewe silijui tena kama ni langu. Niandikie hata matusi.

Dada yako


Tarehe 30 Novemba

Dada,

Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na amekatazwa kunirekebisha. Anasema mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo kaliongeza mwenyewe. Hali yangu ni ya kupapasa. Dirisha nalijua kwa weupe wake, mengine yote nayajua kwa vidole.

Juzi mlango uligongwa. Nikasikia hatua za watu wa mbali, watu wenye viatu vya safari, nikajua ni wewe umekuja na binti yako. Sikuficha furaha. Nilitanua mikono hata kabla ya kufungua.

Walikuwa wageni wa mkwe wako. Amewaongezea kituo: wanapanda kivuko cha asubuhi kuja kumtazama mdogo mtu aliyepofuka. Walikuwa wastaarabu. Waliniomba nikae karibu na mlango ili nipate mwanga; mimi na mwanga, wapi na wapi? Mzee mmoja wa mkongojo alinishika mkono, akasema safari haikuwa ngumu hata kidogo.

Mtu wa mkongojo, dada, asiyejua hata jina langu, amefika kwangu. Wewe hujafika.

Nimemwambia jirani barua yoyote ikitoka kwako asinisomee. Macho ya kuisoma sina, na masikio ya kuisikia nayo yamechoka.

Mdogo wako


Tarehe 5 Desemba

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe.

Naandikia bandarini, kwenye benchi la kungojea kivuko, karatasi juu ya goti, ndiyo maana herufi zinalala. Nimetoka asubuhi hii wageni wakiwa wamesimama dirishani. Nilifungua mlango nikapita katikati yao, nao wakanipisha wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Bwana Fimbo amenifuata. Amekaa mwisho wa benchi, fimbo mapajani. Kwanza alinitajia msimu, halafu akanitajia binti yangu, halafu akasema akipatikana bibi mwingine wa kukaa dirishani itabidi apewe na chumba changu. Anayasema kwa upole uleule. Simchukii, ila naogopa, Chiriku. Nimevaa nguo moja na shali, na sijui nikitoka kwako nitarudi wapi. Mkata tiketi hakunijua, nikalipa kama mtu yeyote.

Wageni nao wameshuka kunifuata, wanataka kuona mwisho wake. Tutapanda kivuko kimoja. Nimewaambia wakifika kwako wabaki nje.

Umesema jirani asikusomee barua yangu. Vizuri, mwache na cherehani yake. Hii nitakusomea mimi.

Dada yako