Uso Wangu Nao Unawaka

Kibamba,
Jumapili, baada ya ibada.

Mwanangu Loveness,

Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Marahaba, mwanangu. Hujambo huko Mbezi Beach? Kazi ya kupiga pasi mashuka ya wageni inaendaje, na ule mvuke haukudhuru? Uso unaendeleaje? Sie huku tuko salama, kuku wanataga, tanki linavuja palepale. Simu yangu hupokei na sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anakuletea mama yako mdogo Tusajigwe. Mwandiko wa darasa la nne unaujua, usome polepole.

Nina hasira, Love, na sijui niianzie wapi.

Mwezi wa Pasaka nilianza kuwaka uso. Nikikaa kwenye karai la maandazi, mashavu yanachoma kama nimepakwa pilipili, na nikitoka motoni hayapoi. Vipele vikaja puani na mashavuni, macho yakawa kama yameingia mchanga. Nikaenda zahanati. Kijana aliyevaa koti jeupe hakuinua hata macho kwenye simu yake, akasema ni chunusi. Chunusi, mie mwenye miaka hamsini na mbili! Nikaingia duka la dawa, muuzaji akanipa krimu, akaapa kwamba wateja wake wote wanaitumia. Wiki ya kwanza uso ukatulia, ukawa laini, ukang'aa kidogo. Nilipoacha, vipele vikarudi na ndugu zao wote. Nikapaka tena. Miezi mitatu nimekwenda hivyo, napaka, natulia, naharibika.

Sasa unawajua akina mama wa jumuiya. Zamu yangu ya kupokea maombi ya Jumamosi na kupika chai ilipofika, mwenyekiti wetu Editha akaihamishia nyumba nyingine bila kuniuliza, eti mama anayejichubua atawaambia nini mabinti. Nikasimama nikasema sijichubui, naumwa. Wakacheka chini chini. Editha akanijibu mbele ya wote:

"Mama Love, mwanao ulimtangaza hapahapa kwa mkorogo, kumbe mlikuwa mnachota kopo moja."

Nikachukua Biblia yangu nikaondoka kabla ya wimbo wa kufunga. Watu tunaozikana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama panauma.

Tusajigwe ndiye aliyenivuta mpaka kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtulivu. Huyo alinitazama. Akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono, akauliza nakaa wapi nikipika, nakunywa nini, napaka nini. Akasema huu ni ugonjwa, unaitwa rosasia. Hauambukizi, si uchafu, wala si mkorogo. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu haujionyeshi vizuri, basi watu wanaambiwa chunusi au wanasingiziwa. Hauishi moja kwa moja, ila unatulizwa. Ile krimu ya dukani ndiyo iliyozidi kuuchochea. Akaniachisha, akanionya kwamba uso utachachamaa kwanza kabla ya kupoa, nisije nikairudia. Na kweli ulichachamaa, wiki mbili nilijifunga khanga mpaka puani.

Akasema kila mtu ana kinachomchokoza. Changu ni moto wa karai, jua la saa saba, chai ya tangawizi ikiwa ya moto, na hasira. Hivyo vingine naviweza. Jiko nimelisogeza nje penye upepo, kofia navaa, nanawa kwa sabuni isiyo na harufu bila kusugua, chai naiacha ipoe. Hasira ndiyo inanishinda.

Kisha daktari akauliza kama kuna mwingine kwenye familia mwenye uso wa hivi. Tusajigwe akajibu badala yangu kwamba yupo, binti yangu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Pale dirisha la dawa walinipa tyubu, na nikaijua kabla sijaishika. Ni ile ile yenye mstari wa bluu niliyoikuta chini ya mto wako. Nikaitumbukiza chooni huku unaniangalia, unalia kwamba ni dawa ya hospitali, nikakuita mwongo. Mchana wake nikaenda jumuiyani nikawaomba wanisaidie kumwombea binti yangu anayejichubua. Jioni ukaondoka na begi moja.

Mwanangu, kesho yake asubuhi nilikuta karatasi kwenye droo yako. Ina mhuri. Darasa la nne linatosha kusoma neno hospitali na jina lako. Nilijua, Love. Lakini nilikuwa nimeshakutangaza, nikaona aibu kujirudi mbele ya wale akina mama, nikaichoma chini ya karai. Miaka miwili nimekuacha uitwe mchubuaji ili mie nisiitwe mwongo. Editha nimemkasirikia kwa neno alilolipata kinywani mwangu.

Jana nimerudi jumuiyani. Uso wangu sikuutetea. Nimesimulia wa kwako, na ile tyubu, na ile karatasi. Hakuna aliyecheka, walitazama vikombe vyao. Editha amenirudishia zamu, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Njoo siku hiyo, ukae mbele kabisa. Usipotaka kuja, usije, hasira yako ni halali. Mie nimesingiziwa miezi michache tu na imeniunguza. Ila hata usipokuja, jihadhari na mvuke wa pasi, na vaa kofia unapotoka.

Mama yako mdogo anakusalimu, ingawa atakuwa amekaa mbele yako akingoja jibu. Mpe maji ya kunywa.

Jumamosi hiyo kikombe chako nitakimiminia chai mapema, ipoe.

Ni mie mama yako,
Bupe