Kwa Ibara Wetu, Uliyetuacha Thelathini na Tisa

Jumanne hii umetimia mwaka mmoja, mwanangu, tangu ulipoinama kuchomeka waya wa mashine yako ya kutoa nakala usiinuke tena. Mwaka mzima. Wanao walitaka tangazo liwe fupi: picha, tarehe na majina yetu chini. Nikawaambia subirini kwanza. Mama yenu hakuwahi kumsomea mtu kitu nusu, na mimi sitamwandikia nusu.

Wengi wanaosoma hapa walikujua kwa jina la Ibara, na huenda hawajui kama ulikuwa na jina jingine. Ulilipata dukani kwako, miaka ile ulipokuwa unachapa rasimu ya katiba ya vuguvugu letu la uhuru. Watu wakibishana, hata kama ni ubishi wa nani katangulia kwenye foleni, ulikuwa unainua kidole chenye wino na kusema, haya, twende kwenye ibara. Wakakubandika jina, nawe ukaitika. Mumeo fundi saa alikuwa anatuchekesha kwamba hata nyumbani huwezi kuulizwa chumvi iko wapi bila kutaja namba.

Ulikuwa mpole kwa watu wasiojua kuandika. Mtu akikuletea barua ya kuomba kazi iliyojaa makosa, ulikuwa unayanyoosha kimyakimya, unamrudishia na kumwambia umeandika vizuri sana. Akitoka pale ametanua kifua. Viwiko vyako vilikuwa na wino kila siku. Nilipokuosha mara ya mwisho, wino ulikuwa bado upo, na sikuusugua.

Ulikuwa mtoto asiyetulia kusukwa nywele, ndiyo maana nikakuzoesha vitendawili. Nikitega, unatulia. Ulipokua ukaanza kunitega mimi. Siku moja nilikuja dukani nikakutega: ana jino moja, akiuma jino linabaki kwenye nyama, naye ana jingine tayari. Ulihangaika mpaka ukaangusha karatasi, na kumbe mwenyewe ulikuwa umemshika mkononi, stepla. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kuanzia hapo kila mkutano uliufungua kwa kitendawili cha kwako: nyumba yangu ina vyumba sabini na viwili, na yote naibeba kwapani. Watu wakajifunza kuitikia kwa pamoja, katiba.

Kwa asiyejua, mikutano yenyewe ilikuwa hivi. Vuguvugu lilisema kwamba kabla hatujaitwa nchi tuwe na katiba yetu, na katiba hiyo isipitishwe na wakubwa wachache mezani, ipitishwe na watu wa kila mtaa kwenye mkutano wao. Wewe ukachaguliwa mwandalizi wa upande wetu, mitaa kumi na miwili. Sheria ilikuwa fupi. Wafike watu arobaini walioandikwa kwenye daftari la vuguvugu, katiba isomwe yote kwa sauti, kisha wapige kura. Ikipita saa moja na watu arobaini hawajatimia, mkutano umevunjika, na mwingine hauitishwi mpaka zipite siku kumi na nne.

Miaka miwili ulizunguka na bunda la karatasi kifuani kama mama mwenye kichanga. Kuna mtaa ambako mzee mmoja alisinzia ukiwa ibara ya thelathini. Wenzake wakasema endelea tu, huyo ndivyo alivyo. Ukakataa. Ulifunga karatasi ukangoja mpaka akaamka, ukarudi nyuma ibara tatu. Mzee akasema hakulala, alikuwa anafikiri akiwa amefumba macho. Ukamwambia sawa, baba, basi fikiria tena na hizi tatu. Tulisimuliana kisa hicho mpaka kikaisha ladha, na sasa natamani unisimulie tena.

Mitaa kumi na mmoja ilikamilika. Mtaa wetu uliuacha wa mwisho. Ulisema kwetu hakuna kazi, mama, kwetu watakuja tu. Hilo lilikuwa kosa lako moja, na ulilifanya kwa sababu ya kutupenda.

Hapa nilipofika, mwanangu, kalamu inakuwa nzito. Lakini niliahidi kuandika yote.

Ulikuwa unajizoeza kusoma jikoni, mimi nachambua mboga, ndipo nikaisikia ibara ya kumi na nne. Inasema mtu aliyefanya kazi kwenye ofisi za serikali tunayojitenga nayo hataandikwa mwananchi mpaka ipite miaka kumi. Na mdogo wako, kitindamimba wangu, ni karani wa forodha kwenye ofisi zao. Alikwenda kule kwa sababu huku alizunguka na vyeti mpaka soli zikaisha. Nikakuambia funga karatasi zako. Ukasema hata wewe ibara ile inakuchoma, ila mwandalizi haruhusiwi kuegemea upande.

"Njoo mkutanoni useme hapana, mama. Nitaiandika kama utakavyoitamka, na itapelekwa juu."

"Siendi kukaa mahali mwanangu anafungiwa mlango."

"Usipokuja, nani atausukuma?"

Nilichambua mboga ambayo ilikuwa imeshachambuliwa.

Jumamosi ile mlikutana kwenye karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara yetu. Watu walikaa juu ya vitanda visivyopakwa rangi na mbao zilizopangwa kwa matofali. Mwalimu mstaafu, katibu wa mtaa, ndiye aliyenisimulia baadaye. Muda uliotangazwa ulikuwa saa tisa. Ilipokaribia saa kumi mlikuwa thelathini na tisa, na wewe mwenyewe ukiwemo. Kinyozi wa pembeni yupo kwenye daftari, lakini alikuwa amekuapia kwamba hakanyagi. Kila ukipita kwake alikuuliza, Ibara, hiyo katiba yako itaninyolea wateja? Basi seremala akachungulia dirishani akaniona uani kwangu naanika nguo. Akasema si mama huyo pale, hatua thelathini tu, mwandike tuanze. Watu wakacheka. Ukamwambia, "Mama yangu hayupo. Mtu aliyepo hujiandika mwenyewe."

Saa kumi ikafika, mkutano ukavunjika.

Wapo walioniuliza kama siku ile nilikuwa naumwa, na wengine wamenitetea kwamba naumwa miguu. Nataka wasome hapa. Sikuwa naumwa. Sikuwa na mgeni. Hata nguo zenyewe zilikuwa zimekauka tangu saa sita. Nilikuwa naanika nguo kavu ili nionekane nina kazi.

Ulirudi nyumbani ukavua viatu mlangoni, ukakaa, hukunilaumu hata kwa jicho. Ukasema, kitendawili, mama. Mimi nilikuwa bado nimenuna. Sikusema tega. Ukangoja kidogo, ukatabasamu peke yako, ukaingia chumbani. Mpaka leo sijui kilikuwa kitendawili gani. Nimejaribu kukitunga mwenyewe, nakaa kiti chako natega, narudi kiti changu nategua, na kila nikikipata najua sicho.

Nililokuwa silijui ni kwamba Jumatatu iliyofuata ulitakiwa kulazwa kwa ajili ya moyo wako. Uliificha hiyo habari, hata mumeo ulimwambia ni vipimo tu. Tulikuta kadi ya hospitali ndani ya mkoba, katikati ya rasimu. Tarehe ya kwanza imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wewe na mistari yako, na pembeni umeandika nyingine ya baada ya mkutano wa pili. Uliahirisha moyo wako ili urudie mkutano uliokosa mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi. Daktari alinishika bega akasema, mama, huenda ingekuwa vilevile. Nimelishika hilo huenda mwaka mzima, na kila nikiliegemea linateleza.

Ulianguka Jumanne. Tukakuzika Alhamisi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mkutano, kama ulivyoibandika mwenyewe kwenye mlango wa karakana, kwa mkono wako. Watu walitaka kuahirisha kwa heshima yako. Haikuwezekana, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha Jumapili, na mtaa ambao haujakutana mpaka mwisho wa mwezi ungehesabiwa kwamba haukusema kitu. Miaka yako miwili, na mtaa wako mwenyewe ungekuwa bubu.

Nikavuka barabara. Binti yako mkubwa alitaka kunishika mkono, nikamwambia niache, nataka nifike mwenyewe. Nikajiandika jina langu. Herufi zangu unazijua, zinapanda kama mtu anayekwea kilima. Wote waliokuja mara ya kwanza walikuja tena. Mwalimu akahesabu, akavua miwani, akafuta, akahesabu upya.

Tulikuwa thelathini na tisa.

Nilikuja mimi, ukakosekana wewe.

Mdogo wako alikuwa nje, amesimama karibu na dirisha. Alipewa ruhusa ya siku nne aje akuzike. Mtu mzima, ana miguu, ana pumzi, ana majonzi kama sisi, lakini jina lake halimo daftarini, na hakuna aliyeweza kumwingiza. Alijua tunachohesabu. Alitazama viatu vyake.

Ndipo seremala akasimama, macho mekundu. Akasema tumwandike Ibara. Nani hapa atasema hakuwepo? Karatasi zake, tangazo lake, hata hizi mbao alizipanga yeye. Watu wakaitikia chini kwa chini, ndiyo, ndiyo. Mwalimu akafungua kalamu. Lakini hakuandika, alinitazama mimi, na wengine wote wakanitazama.

Mwanangu, nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niione kalamu ikiandika jina lako kwenye ukurasa wa waliopo, mara moja tu, niondoke nalo. Nikasimama. Nilidhani nitasema ndiyo.

"Msimwandike," nikasema. "Mwanangu hayupo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Siku zote nne watu walinipa pole nikawa naitikia asante, kama mtu anayepokea mzigo wa jirani. Pale karakanani ndipo nilipofiwa.

Mwalimu akafunga kalamu. Tukakaa. Mumeo alikuwa ameshika saa kiganjani, na hakuna aliyethubutu kumwambia airudishe nyuma. Dakika kumi. Dakika nane. Zilipobaki sita tukasikia mtu anakokota malapa, akaingia kinyozi na aproni yake shingoni, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kumbe alikuwa amesikia kupitia ukuta wa mbao. Kinyozi hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye daftari.

"Sijabadilika," akamwambia mwalimu. "Andika hapana, na uiandike kubwa. Lakini nimekuja."

Yule mteja akauliza na yeye je, na kichwa chake. Akaambiwa akae, hii ina ibara sabini na mbili. Watu walicheka, mimi pia nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka siku ya pili tangu kukuzika.

Binti yako alisoma. Alianza kwa sauti yake, kisha akaipata sauti yako, mpaka mumeo akainamisha kichwa. Alipofika ya kumi na nne nikasimama nikasema hapana yangu. Nilisema kwamba nchi inayoanza kwa kumfungia mtoto wa mtu nje ina siku nyingi za kujuta, na mimi najua kujuta kulivyo. Mwalimu akaiandika neno kwa neno, kama ulivyoniahidi. Wengine kumi na saba wakasema na yao iandikwe hivyohivyo. Kinyozi akasema yeye alikwisha kataa zote, hiyo imo ndani.

Katiba kwa ujumla wake ilipita mtaani kwetu, na hapana zetu za ibara ile zikabaki kwenye maandishi. Thelathini na tisa ndiyo, mmoja hapana. Watu walipopiga makofi nikageuka kukutafuta nikuambie.

Mengine yaliyotokea mwaka huu ni haya. Ibara ya kumi na nne imerudishwa kwa waandishi, maana mitaa mingi ililalamika, na bado hatujui itarudi na sura gani. Mdogo wako alirudi kazini kwake kule. Anapiga simu kila Jumapili, tunaongea kuhusu mvua. Duka lako analiendesha binti yako baada ya masomo. Mashine ile inakwama palepale ilipokuwa inakukwamia, naye anaipiga ubavuni kama wewe. Mwanao wa kiume amekuwa mrefu. Anapita nilipokaa anasema, kitendawili, bibi. Namwambia tega, haraka, hata kama nina maji mdomoni.

Usiku sina shida. Shida ni Jumamosi saa tisa, barabara inapokuwa nyeupe kwa jua na karakana ipo wazi, hatua thelathini. Nimezihesabu. Ni ishirini na sita.

Wanaokukumbuka ni mumeo fundi saa, binti yako na mwanao, mdogo wako aliye mbali, shangazi yako mshonaji, mwalimu mstaafu na seremala. Kinyozi ameomba awekwe humu ingawa si ndugu, na ameomba iandikwe kwamba hajabadilika. Na mimi mama yako, niliyevuka barabara nikiwa nimechelewa siku kumi na nne.

Tutakukumbuka, Ibara, siku zote tutakazojaliwa kuwepo.